Kicheko cha Bwana Tregear

Filamu ilikwisha, taa za sinema ya Bedford zikawashwa. Hilda Cattermole alibaki kitini, akiwatazama watu mia mbili wakifuta machozi. Mia mbili, na wote wanaijua siri ya serikali.

Siri ile aliifungia kifuani miaka sabini. Akiwa msichana aliapishwa, akatia saini, akaambiwa ukiropoka ni kitanzi. Basi akanyamaza kama kaburi. Mumewe alizikwa akiamini kwamba wakati wa vita mkewe alihesabu soksi za askari. Hata alipopasuliwa kidole tumbo aliikataa nusukaputi, asije akapayuka usingizini. Na leo, kwa tiketi tu, Edmund Tregear, mkuu wa kibanda chao cha kazi wakati wa vita, anaonyeshwa akifumbua ujumbe wa mafumbo wa Wajerumani. Kisha vita vimekwisha, anashtakiwa kwa kumpenda mwanamume mwenzake, anafukuzwa kazi, anakufa peke yake.

"Nani kawaruhusu?"

"Ruhusa ilitoka zamani, Bibi," alisema Rosalind, mpwa wa Tregear, mwanamke wa miaka sitini hivi aliyemleta. "Ilitangazwa redioni."

"Redio ni ya wote. Saini ilikuwa yangu. Mimi sikuletewa barua."

Rosalind alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. "Nina swali moja. Katika filamu hii mjomba hakucheka hata mara moja. Kweli hakuwa akicheka? Mama alikuwa akiona aibu hata kumtaja. Mimi nimezaliwa ameshakufa, na waliofanya naye kazi umebaki wewe peke yako. Usiponiambia, nitabaki na huyu wa kwenye skrini."

Hilda alijikuna shingo. Kusema ni kuvunja kiapo. Kunyamaza ni kumzika Tregear mara ya pili. Sasa lipi ni kosa? Akatoa kalamu mkobani, akageuza tiketi.

"Andika hapa hutamwambia mtu. Saini."

"Bibi, mambo yameshaonyeshwa Ulaya nzima."

"Hayo ni yao. Unaloniuliza halijaonyeshwa."

Rosalind akatia saini. Hilda akaikagua, akaitia mkobani, akasogea karibu.

"Alikuwa akicheka mpaka kero. Siku moja alituletea ujumbe wa adui. Tukahangaika nao saa sita, vichwa vinawaka moto, kumbe ni maelekezo ya kupika pudingi. Kautunga mwenyewe. Tukamtafuta tumpige, tukamkuta chini ya meza, anakoroma kwa kicheko kama mbuzi aliyepaliwa."

Rosalind alijiziba mdomo. "Na uso wake? Akicheka alikuwaje?"

Hilda akafumba macho amtafute. Aliiona meza. Aliviona viatu, kimoja kimefungwa kwa uzi. Alipopandisha macho akakuta uso wa yule mwigizaji, mzuri, wenye huzuni. Akaanza upya kutoka viatuni, polepole. Mwigizaji yule yule.

"Ngoja," alisema. "Huyu siye. Alikuwa na pengo. Hapa."

Akagusa jino.

"Au hapa."

Kidole kikahama tena, na Rosalind akakifuata kwa macho.