Maji Yasiyomo Vitabuni

Haya alinieleza Priska mwenyewe mwezi wa nane, tukibangua korosho barazani kwangu Lulindi, mikono yetu imejaa masizi.

Priska anasoma shahada ya pili ya uchumi. Andiko lake la utafiti lilikuwa limerudishwa mara mbili, na msimamizi kaandika yale yale: "Haya wenzako wameshayasema. Wewe unaongeza nini?" Likirudi mara ya tatu, mwaka mzima umepotea.

Akaenda Newala kwa Mama Sultani, rafiki wa mama yake, kabeba begi la tafiti thelathini na moja za korosho. Swali lake moja: kwa nini wakulima wanachelewa kupulizia mikorosho dawa? Tafiti zote zikajibu: dawa ghali, elimu ndogo. Akasoma siku tatu, macho yakamuuma, pa kuongezea hapaoni.

Siku ya nne akaamka mapema, akakuta uani ndoo mbili zimefunikwa. Mtoto wa Lulindi huyo, kwao kisima hakiko mbali. Akaoga, akafua na shuka.

Mama Sultani akatoka, mashine ya kupulizia mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yangu yako wapi?"

Priska akaitazama kamba ya kuanikia. Shuka bado linadondosha maji.

"Ha! Mikorosho imetoa maua, wewe umeoga maji ya kuchanganyia dawa! Sasa nichanganye na mate?"

"Nisamehe, mama."

"Bomba halijatoa tangu Jumanne. Mwaka jana nilingoja maji siku tisa, ugonjwa wa ubwiri ukala maua yote."

"Na dawa ulikuwa nayo?"

"Chupa sita, chini ya kitanda!"

"Na majirani?"

"Nenda kawaulize. Si una kalamu?"

Priska akazipekua karatasi zake upya, ya kwanza hadi ya mwisho. Bei wamehesabu, madarasa wamehesabu. Ndoo ya maji, hakuna aliyeihesabu.

Akajitwika ndoo, akateremka bondeni na akina mama saba, akiwauliza njiani. Watano dawa walikuwa nayo ndani, wanangoja maji. Aliporudi, Mama Sultani akachanganya dawa akaenda shambani; Priska akaandika, akamtumia msimamizi kwa simu.

Saa nane mchana jibu likaja: "Hili sijalisoma popote. Endelea."

Mama Sultani aliporudi alimkuta mkekani, simu kifuani, shingo imekakamaa kwa ndoo, anakoroma. Akamfunika shuka lile lile, limekauka. Kisha naye akajinyoosha kando yake, dawa ikimnuka mikononi, usingizi ukamchukua.