Fingo Chini ya Kizingiti

Balozi Mbwana, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa hodari wa kuhutubia. Kila mkutano aliwakemea wanakijiji waache ushirikina, eti ujamaa haujengwi kwa hirizi. Lakini Operesheni Vijiji ilipowahamisha, ni yeye huyo aliyerudi mahameni kwa siri, akafukua fingo la marehemu baba yake, chungu kidogo chenye mfuniko, cha kulinda nyumba na wezi, akalizika chini ya kizingiti cha nyumba mpya. Hapo akamtaja mama yake na mkewe Hamisa, na mama akamtaja yeye. Fingo halimdhuru aliyetajwa. Asiyetajwa ni mwizi tu.

Mtoto alizaliwa baadaye, na hakuna aliyekumbuka kumtaja.

Kila Hamisa alipomvusha mlango, mwanawe alikakamaa, macho yakageuka meupe. Hospitalini Korogwe alidungwa sindano, akanyonya, akacheka. Waliporudi, pale pale mlangoni, akakakamaa tena. Hamisa alikwisha kuzika mmoja.

"Mwanangu, hamkumtaja," alisema mama mkwe wake, Bibi Tatu. "Fukua chungu, ukipeleke kaburini kwa mzee, uwataje wote upya, maana fingo likifukuliwa husahau wote. Ila usijitaje mwenyewe. Anayejitaja kwa wafu amejiita kwao. Mke hutajwa na mumewe aliyemleta."

Mbwana akakuna kichwa. "Wakiniona mahameni watanicheka. Tangulia, nitakuja."

Mwongo mkubwa!

Hamisa alikwenda mchana kweupe. Akafunua chungu juu ya kaburi, akanyunyiza unga wa mtama, akamtaja mama mkwe, mume, na mtoto. Ndege wakanyamaza. Chini kikasikika kikohozi anachokijua, kile cha mzee kabla ya kusema neno.

"Nimewasikia. Na wewe u nani?"

Alimngoja Mbwana mpaka jua likapinda, hakutokea. Akafunika chungu, akakimbia huku analia.

Alikizika mahali pake, mwenyewe akibaki nje. Bibi Tatu akamvusha mtoto. Hakukakamaa. Akapiga chafya, akacheka. Hamisa alishukuru Mungu kwa sauti, akainua mguu aingie.

Kikohozi, chini ya kizingiti.

"Na wewe u nani?"

Mbwana alikuwa ndani, kitandani, ameziba masikio kwa viganja. Kumbe naye amesikia.

"Mtaje mkeo!" Bibi Tatu alifoka.

Lakini watu wa shamba la pamoja walikuwa wanapita na majembe yao, wakasimama kutazama. Mbwana aliwaangalia wao, akamwangalia Hamisa, akajikausha.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Ingia tu."

Hamisa akaushusha mguu wake, ukabaki nje.

"Mama, nipe mwanangu."

Akamfunga mgongoni, akashika njia ya kwao Ngombezi. Hakuthubutu kugeuka nyuma, maana kikohozi kilikuwa bado kinangoja jibu.