Klachi Iliyoganda Zizini

Gari halilazwi zizini. Nilimwambia hivyo mzee Maganga mvua zilipoanza, akacheka. Kwake yeye, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe zake, mali yote hulala ndani ya ua. Basi Landrova aliyoinunua kwa kuuza madume ikalala na ng'ombe masika nzima, magurudumu yamezama kwenye mavi na mkojo, nami dereva wake nikalala kibanda kilichopakana na zizi, nikinuka kama wao.

Kuondoka sikuweza. Leseni yangu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, koti asilolivua hata jua liwake vipi. "Nakutunzia," alisema. Mwenyewe hakujua hata kuwasha gari, na bila mimi fahari yake yote ingegeuka kiota cha kuku.

Nyumbani kwangu ni Mlandege, Iringa. Mke wangu Tekla alimtuma utingo wa lori, na maneno yake yakapita mdomo kwa mdomo hadi mbugani: "Mwambieni Yotamu, asipokuja kabla ya mavuno, mimi narudi kwa baba." Yaliponifikia, mahindi yalikuwa yameshaanza kukauka.

Njia ya mbugani ilipopitika, nikawasha gari. Injini ikaitika, lakini kila nikikanyaga klachi, gia zinasaga tu, haziingii. Nikakagua mafuta ya klachi, yapo. Nikamwomba Ng'washi, mke wa mzee, anikanyagie pedali, nikalala chini kutazama: mkono wa klachi unasukumwa vizuri. Basi ubovu ulikuwa ndani. Unyevu wa zizi ulikuwa umeigandisha sahani ya klachi kwa kutu, ikawa haiiachii injini hata nikikanyaga.

"Tengeneza hapa hapa," alisema Maganga. "Gari likipona ndiyo tutaongea habari ya Iringa."

Hiyo "tutaongea" nilikuwa nikiisikia tangu Krismasi.

"Hapa haitengenezeki, mzee. Lazima niliwashe likiwa ndani ya gia, liondoke papo hapo. Halafu njiani nikanyage klachi, nikanyage pedali ya mafuta na kuachia, mpaka ing'oke. Lakini isipong'oka, hatusimami."

"Basi napanda na mimi," akasema, akifunga vifungo vya koti.

Ng'washi na watoto wakaondoa miiba mlangoni mwa zizi. Nikatia gia ya pili, nikapiga stata. Gari likaruka, tukatoka. Nikakanyaga klachi, nikatia mafuta, nikaachia, nikatia tena. Boma lilikuwa bado linaonekana nyuma yetu niliposikia "ta!" chini ya miguu. Klachi ilikuwa imeachia.

Maganga hakuelewa. "Bado?"

"Bado, mzee."

Uongo ulinitoka kirahisi. Ningesema kweli angeniamuru nigeuze, na ningerudi kulala na ng'ombe. Nikaondoa mguu kwenye klachi, tukaenda na gia ya pili hiyo hiyo, injini ikipiga kelele, hadi barabara kuu. Kulia ni Mbeya, kushoto ni Iringa. Nikakata kushoto.

"We Yotamu! Unanipeleka wapi?"

"Halisimami, mzee. Shikilia."

Nilimwona ameng'ang'ania mlango, amenaswa, nikafurahi. Kweli kabisa, nilifurahi.

Tulipomaliza kilima, tukakuta kundi la ng'ombe limejaa barabarani. Lori la mpunga lililoelekea Iringa lilikuwa limesimama pembeni likingoja.

"Ng'ombe!" Maganga alipiga yowe. "Ng'ombe, Yotamu!"

Miguu yangu haikuniuliza. Klachi, breki. Landrova ikasimama polepole, injini ikinguruma.

Maganga akautazama mguu wangu kwenye klachi. "Imeachia tangu lini?"

"Tangu pale kwako."

"Basi geuza."

"Mzee, Tekla anaondoka."

"Geuza. Habari ya Iringa tutaongea."

Nikazima injini. Nikachomoa ufunguo, nikauweka juu ya goti lake, nikashuka. Nilimwambia dereva wa lori kuwa naenda Mlandege, naye akanionyesha kwa kidole juu ya magunia. Nikapanda.

Ng'ombe walipokwisha kupita, lori likaondoka. Maganga alikuwa bado amekaa palepale. Akaitoa leseni yangu dirishani, akaipungapunga kama mtu anayemwonyesha ndama chumvi.

"Yotamu! Hii hapa! Njoo uichukue!"

Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya kijitabu kile, na sijui kazi nyingine. Nikaikamata kamba ya magunia kwa mikono miwili. Lori likatia gia ya pili, kisha ya tatu, nami sikushuka.