Alichokunywa Useni

...na jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, kwa sababu hakuna mtu mji mzima wa Baraka aliyezijua nganda, baa zile za karibu na kiwanja, kuliko Norbert, ndiyo kazi yake, megafoni begani, kutangaza mechi toka sokoni mpaka ufukweni na kuwaelekeza wageni pa kukaa, wapi bia iko baridi kweli na wapi imelowekwa tu kwenye ndoo, wapi samaki anachomwa vizuri, wapi kuna choo chenye mlango, lakini mkono uliopaswa kunyanyuka kuonyesha njia ulibaki ubavuni, na yule mama aliyeuliza alikuwa bado amesimama mbele yake, kitambaa cha kijani cha timu ya Ubwari shingoni, anangoja. "Papa, unanisikia? Nauliza wapi kuko nganda ya muzuri hapa karibu na kiwanja. Bantu yangu batoka asubuyi na boti, mechi ni saa sita, banataka kukaa kidogo." Anamsikia, anamsikia vizuri mno, hilo ndilo tatizo, maneno ni yaleyale, hata mahali ni palepale, hapa langoni, chini ya ukuta wa bluu uliobanduka rangi, miaka miwili timu ya Ubwari haijavuka ghuba kuja kucheza, leo ndiyo mara ya kwanza, na tangu asubuhi alikuwa anajiambia atatangaza mechi tu, mechi tu halafu nyumbani, asisemezane na mgeni yeyote, wamuulize mwingine, wamuulize muuza mandazi...

Siku ile, miaka miwili iliyopita, mechi ilichezwa asubuhi, ikaisha saa sita, bao moja kwa moja, na basuporta, mashabiki wa Ubwari, wakafurahia sare kama wameshinda, wakatoka wakiimba, na mwanaume mrefu mwenye kofia ya kufuma, Useni, mwendesha boti wao, ndiye aliyekuja kuuliza kwa niaba yao, "lakini karibu-karibu, papa, juu saa nane lazima tuondoke, upepo ya mangaribi mi siutaki," na Norbert akawapeleka mwenyewe kwa Gentille mwenye nganda, hatua mia hivi kutoka langoni, kwa sababu Gentille alikuwa na friji inayotumia jua, na ndiyo, kwa sababu kwa kila kundi alilompelekea, Gentille alimwekea yeye chupa mbili za bure pembeni, ubaya uko wapi, kila mtu hula kazini kwake, ubaya uko wapi... "Papa, uko mugonjwa?" anauliza mama, na yeye anatikisa kichwa, hapana, jua tu, anasema, jua ni kali, na mama anasogea kidogo kwenye kivuli cha ukuta kana kwamba wana siku nzima. Saa nane ilipofika Useni alisimama, chupa ya Fanta mkononi, ya pili, Norbert bado anamwona, midomo imekuwa rangi ya chungwa, akasema, "Bandugu, twende," na watu wakapiga kelele, bado kidogo, na hapo Norbert, ambaye hakuna aliyemuuliza, ambaye hakuwa hata msafiri, alipanda juu ya kiti cha plastiki, akawasha megafoni, akatangaza kwa sauti yake ile ya mechi, "Basuporta ya Ubwari, mukae! Ziwa haiwezi kukimbia!" na walicheka, Mungu wangu, walicheka mpaka meza zikatikisika, Gentille akaleta kasha lingine, na Useni akacheka pia, kwa adabu, akaketi, kwa sababu mgeni hamwaibishi mwenyeji mbele za watu, ila akawa anainama kila mara kutazama anga chini ya ukingo wa bati, mara tatu alisimama, mara tatu Norbert alimkalisha kwa maneno ya kuchekesha, na walipoondoka ilikuwa imeshapita saa kumi.

Mabati ndiyo yaliyoanza kulia, yeye akiwa bado palepale kwa Gentille na chupa yake ya pili ya bure, kisha miti, kisha mvua ikaja imelala ubavu, akawaza, watakuwa wamefika, akawaza, boti ile ina injini nzuri, akamaliza chupa, aliimaliza, hilo hajamwambia mtu, mvua ile inapiga na yeye akaimaliza. Watu kumi na mmoja walikufa maji. Wanne waliookotwa na wavuvi walisema hawakumbuki kitu isipokuwa maji. Kesho yake alikwenda ufukweni kama wengine, akasimama nyuma ya wengine, na huko ufukweni, miili bado haijafunikwa yote, ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza neno lile, eti mwendesha boti alikuwa amelewa, nani alilianza hakuna ajuaye, lilipanda toka ufukweni likafika sokoni kabla ya adhuhuri, likaingia misikitini na makanisani, Muislamu mzima, walisema, wakatikisa vichwa kana kwamba ulevi huo ndio ulioita upepo, na wale wanne walionusurika walikuwa wamekunywa wenyewe, nani angewasikiliza, na Gentille alifunga nganda akahamia Uvira bila kuaga, kwa hiyo akabaki yeye peke yake, Norbert, mwenye sauti kubwa kuliko zote Baraka, na akanyamaza. Si kunyamaza tu. Siku moja sokoni mtu alimuuliza, "Ni kweli ule muntu alikuwa nalewa?" na yeye akajibu, "Banasema." Neno moja. Tangu hapo kila akibonyeza kitufe cha megafoni kuna mkwaruzo kabla sauti haijatoka, mkwaruzo mfupi kama mvua juu ya bati, amebadilisha betri, amempelekea fundi, fundi akasema chombo ni kizima, papa, mi sisikie kitu...

"Hata mahali ya Fanta na maji inatosha," anasema mama, polepole sasa, kama anayemhurumia mzee asiyesikia vizuri, "mi sikunywaka pombe, ni hawa bengine. Mi njo prezida yao, Bushira. Bibi ya marehemu Useni wa boti, labda ulisikiaka jina." Anasema hivyo bila kuinamisha macho na bila kuyainua, kama mtu aliyezoea kulitaja jina hilo na kungoja mwenzake ageuze uso, kisha anaonyesha kwa kidevu. "Leo ni Mahmudu analeta boti, mudogo ya Useni. Mechi ikiisha tunaenda mara moja." Na Norbert anamwona huyo Mahmudu, ameketi kando ya wenzake chini ya ukuta, kofia ya kufuma, magoti marefu yaleyale, anakunywa maji, na namna anavyokunywa ndiyo inayomkata Norbert pumzi, chupa ya plastiki isiyo na karatasi, ameibandua karatasi yote, anainyanyua juu kwenye mwanga kila anapopiga funda ili anayetaka kuona aone, maji, ni maji, funda moja, anainyanyua, funda la pili, anainyanyua tena, hakuna anayemtazama na bado anainyanyua... kumbe ndivyo wanavyoishi, miaka miwili yeye amekuwa akiwaogopa waliozama, akiwaota, akiwapisha njiani, na waliozama hawakumdai neno, ni hawa, ni hawa wanaobandua karatasi kwenye chupa. Angeweza kusema, nendeni kwa Isidore, nyuma ya shule, bia baridi, choo safi, na yule mama angeshukuru, angeondoka, mechi ingechezwa, boti ingevuka, yangekwisha, na anajua, amesimama pale na jua kichwani anajua kabisa kwamba yasingekwisha.

"Mama," anasema, na sauti inatoka ndogo, haijawahi kuwa ndogo hivyo, "bwana yako hakulewa. Mi nilikuwa pale. Alikunywa Fanta, Fanta mbili tu. Saa nane alitaka kuenda, ni mi nilimukalisha. Mara tatu. Ni mi." Bushira anamtazama, mkono umeshika ncha ya kile kitambaa cha kijani, halafu bila kugeuza kichwa anaita, "Mahmudu! Kuya hapa. Kuya na bengine bote." Na wanaanza kusimama mmoja mmoja pale ukutani, wanajipangusa vumbi, wanachekeana, wanadhani nganda imepatikana, wanakuja. "Anza tena, papa," anasema Bushira. "Anzia pale alisimama mara ya kwanza."