Mkungu Uliokosa Mnunuzi

Shedrack angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukaondoka unamshukuru. Ndiyo maana pale Masama, kila Jumapili baada ya ibada, usharika ulimwachia yeye kunadi sadaka za shambani: mayai, maziwa, kuku, ndizi, chochote walicholeta wasiokuwa na fedha mkononi. Alipanda juu ya benchi nje ya kanisa, akamsifia kuku aliyekonda mpaka watu wakagombana kumnunua. Mdomo huo huo, siku ulipohitajiwa kweli, uligoma.

Aliyeuhitaji alikuwa Eunike, mjane wa rafiki yake Denis. Denis alipofariki, kaka yake Mzee Efraimu, mzee wa kanisa na mwenye pikapu, aling'oa masale yaliyokuwa mpaka kati ya vihamba vyao, mashamba ya urithi, akayapanda upya hatua kumi na tano ndani ya kihamba cha mjane. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, na kila mtu alikuwa akitafuta ndizi za kuwauzia wachuuzi wa Dar. Kipande kile kilipitiwa na mfongo, mfereji wa maji, na migomba yake Eunike aliipanda kwa mikono yake. Ndiyo iliyowalisha watoto wake watatu.

Eunike alilipeleka shauri barazani. Wazee wakauliza ni nani anayeujua mpaka wa zamani. Shedrack aliujua vizuri sana, maana siku Denis alipopanda masale yale, yeye ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Akakohoa, akatazama viatu vyake. Pikapu ya Efraimu ndiyo iliyobeba ndizi za mke wa Shedrack kwenda sokoni Moshi kila Jumanne. Na tusimseme peke yake, nusu ya usharika ilijua na nusu nyingine ilishuku, wote wakameza mate. Mjane akashindwa.

Mwingine angehama kanisa. Eunike hakuhama. Miaka miwili mizima alikuja kila Jumapili, akakaa mabenchi mawili nyuma ya Efraimu, akaimba kwa sauti ambayo Shedrack aliitambua hata akiwa uani. Alimwogopa mwanamke yule, na alimstahi kupita alivyomstahi askofu.

Ikafika Jumapili ya mavuno, mwaka 1996. Mchungaji alikuwa mgeni, amehamia mwezi uleule, hajui habari za masale wala za pikapu. Alihubiri juu ya Waisraeli walivyoteswa kule Misri.

"Ndugu zangu, Mungu si mwamuzi wa mpira, akimbie katikati na filimbi yake," alisema. "Alishuka akasimama upande wa waliokuwa wanapigwa. Mnyonge akilia, Mungu anasikia. Jirani anaweza kujifanya hasikii. Mungu hajifanyi."

Shedrack alikuwa ameyasikia mafundisho hayo tangu darasa la kipaimara, akayaona mazuri, akaenda nyumbani kula. Safari hii hayakumwacha aende. Kama Mungu alikuwa upande wa Eunike tangu siku ile ya baraza, yeye Shedrack alikuwa amesimama upande gani? Jibu alilijua, na lilimtia aibu mpaka masikio yakamwaka.

Mnada ukaanza. Aliuza mayai, akauza jogoo, akauza magimbi manne ya Eunike kwa bei ya debe zima. Watu walicheka, mambo yakaenda. Kisha vijana wawili wakauleta mkungu wa mchare, ndizi za kupika, mrefu, umejaa mpaka mwisho, hata akina mama wakapiga vigelegele. Efraimu, amesimama mbele na koti lake jeusi, alitabasamu; sadaka ilikuwa yake, imekatwa kwenye kipande kile cha mfongo.

Ilikuwa desturi kutaja kwanza sadaka imetoka kihamba cha nani. Shedrack aliinua mkono.

"Mkungu wa mchare!" alinadi kwa sauti yake yote. "Umetoka kihamba cha marehemu Denis! Mgomba wake ulipandwa na mkewe Eunike! Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Watu wale wale waliokuwa wamenyamaza miaka miwili kwa woga, sasa walinyamaza tena, na safari hii wote walikuwa wakimtazama Efraimu.

"Shedrack, umelewa?" Efraimu alisema. "Nadi mkungu! Naanza mwenyewe, elfu kumi!"

"Sikuuzii, mzee wangu. Nani mwingine?"

Bibi mmoja mnunuzi wa kila Jumapili alikunja noti yake, akairudisha kwenye fundo la khanga. Wengine wakaweka mikono mfukoni. Shedrack aliwatazama, akawapenda watu wa kwao kuliko alivyowahi kuwapenda. Efraimu alizungusha macho akitafuta mtu mmoja tu wa kumuunga mkono, akamkosa, akaondoka bila kuaga.

Shedrack akashuka kwenye benchi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Eunike, akavua kofia.

"Mama Ndeshi, mimi ndiye niliyeshika kamba. Mpaka uko chini kule, ng'ambo ya mfongo. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Eunike hakulia, wala hakumkumbatia kama baadhi ya akina mama walivyotarajia.

"Baba Mary, hukunyamaza hapa kanisani," alisema. "Ulinyamaza barazani. Kesho baraza linakaa, saa tatu."

"Nitakuja, mama. Nitakuja mwenyewe."

"Hapana," Eunike alisema. "Nitakupitia nyumbani. Kuja mwenyewe nimekungoja miaka miwili."