Taa ya Soprano

Kwaya ya kanisa la Mbotela ilipopotoka sauti, Mwalimu Luseno akaendelea kupunga mkono huku akitabasamu. Hapo ndipo Lorraine alipotambua kwamba masikio yalikuwa yanamwacha mzee wa watu.

Ilikuwa 1997. Lorraine alikuwa fundi wa elektroniki katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na Luseno ndiye aliyemfunza kuimba tangu utotoni. Akaamua kumtengenezea kisanduku chenye maikrofoni na taa mbili: ya kijani sauti ikikaa sawa, nyekundu ikipotoka.

Shida ilikuwa hesabu. Kupima sauti kulihitaji maktaba, yaani mkusanyo wa programu za hesabu zilizoandikwa tayari, nayo ilitengenezewa kompyuta kubwa. Chipu ya kisanduku ilikuwa na kumbukumbu finyu mno. Basi akafungua faili ya mipangilio ya maktaba, akawa anazima kisichohitajika, mstari baada ya mstari, na kuiunda upya. Mara ya sita ikaingia, lakini kwa sauti nzito tu. Zile nyembamba hutetema kwa kasi kuliko uwezo wa chipu.

Akampelekea hivyo hivyo. Mwalimu akaimba besi, taa ya kijani ikawaka. Akakirudisha kisanduku taratibu.

"Asante, mwanangu. Lakini besi bado naisikia. Zilizonipotea ni soprano."

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Mwaka wa pili huu. Hata mama yako hapa akiimba, naona mdomo tu."

Nabalayo, mke wa Mwalimu, akaacha kuchambua mboga. Hakuwa amewahi kuambiwa.

Lorraine alirudi kwenye faili ile akijionea haya kwamba hakuuliza kwanza. Safari hii akazima kitu alichokuwa akikiogopa: hesabu za desimali. Maktaba ikabaki na nambari nzima tu. Ingekosea kidogo, lakini ingekimbia.

Jumamosi, Nabalayo akasimama mbele ya maikrofoni, akaimba noti ya juu. Nyekundu. Akavuta pumzi, akapandisha kidogo. Kijani.

"Kumbe umekuwa ukishuka hivyo siku zote?" Luseno akauliza.

"Na wewe umekuwa ukinisifu siku zote!"

Wakacheka hadi Mwalimu akavua miwani kupangusa macho.

Kwaya ilifanya mazoezi na kisanduku hicho mwaka mzima. Mara moja moja taa ilidanganya, nao wakaizoea.