Waya wa Taa ya Mbele

...na huu ndio wa mwisho, waya wa taa ya mbele, nimeushika kwa vidole viwili na sitaki kuufunga, yaani mimi, fundi umeme wa magari, mtu anayefumua lori zima na kulirudisha barabarani, nimechuchumaa uani kwa mama yangu naogopa kawaya kembamba, na baba yuko hapo kwenye kigoda, magoti yanakaribia kugusa tairi, ameshika taa ya kupimia ambayo sijamwomba tangu asubuhi, "Bado?" anauliza, "Bado kidogo, baba," nasema, na mikono yangu inajifanya ina shughuli... pikipiki hii imenizidi umri, mama huiita mke mkubwa, anasema yeye aliolewa akaikuta imeshajaa sebuleni, na kweli ilikuwa inalala ndani, sisi watoto tunajibana, ndiyo iliyompeleka baba kwa kila mwenye jenereta bovu na redio iliyonyamaza, hajawahi kwenda kazini kwa hisani ya mtu, na sasa nyaya zake za zamani zimelala kwenye beseni, nilizing'oa nikazipima moja moja, na kila moja ilikuwa nzima. Nzima kabisa. Zimechakaa ngozi tu, shaba ndani inang'aa, umeme unapita bila kujikwaa, na sikumwambia, maana alianza na balbu, eti balbu za siku hizi takataka, akabadilisha, taa bado hafifu, akalaumu betri, tukaleta mpya, bado, akalaumu swichi, bado, ndipo akaniita, njoo ufumue nyaya zote, zimeoza, mwanga haufiki hata langoni, nami jioni ile nikasimama nyuma yake injini inanguruma, taa ikapiga lango, ikavuka, ikapiga ukuta wa jirani, ikammulika paka aliyekaa juu yake mpaka nikahesabu masharubu, na baba akasema, unaona? unaona ilivyofifia? nikasema naona, baba... naona, baba, ndivyo nilivyosema, ulimi wangu huu huu... na daktari alituambia sote watatu, kwa upole, presha ya macho, mshipa unaopeleka picha umechakaa, kilichopotea hakirudi, kilichobaki tutakilinda kwa dawa, na pikipiki basi, mzee wangu, baba akaitikia vizuri tu, akashukuru, akampa mkono, tulipofika nje akasema kijana mzuri yule, ila vyombo vyake vibovu, mama akanitazama, na jikoni akaniambia funika kombe mwanaharamu apite, atachoka mwenyewe, atachoka vipi, mama, juzi kamgonga jirani begani kwa usukani, mwenzake na ndoo yake kichwani, maji yote chini, baba akasema huyu katokea wapi, na hakutokea popote, alikuwa amesimama palepale anapiga soga, leo ndoo, kesho je, kesho mtoto wa mtu... "Nyie!" mama dirishani, "chakula cha mchana mtakula pamoja na cha jioni? Chakula hakina miguu kiwafuate!" "Tunamalizia," anajibu baba, halafu kwangu, polepole, "kaza vizuri, waya uliolegea ni adui," najua, baba, wewe ndiye uliyenifundisha, lakini nikikaza huu itabidi niwashe, jua linashuka, kivuli cha ukuta kimeshatufikia, nitawasha, atatazama, atasema bado inafifia, na hapo tutalaumu nini tena, kila kitu kipya kuanzia betri mpaka mbele, hakuna kilichobaki kati yake na taa ila macho yake... naweza kusema kioo cha taa, ehe, kimeingia ukungu, tutafute kingine, hakipatikani, mwezi mzima tunatafuta kioo, au niuache waya uguse chuma, fyuzi iungue, kesho tuanze upya, mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, sawa, lakini hapa nani anaficha maradhi ya nani... na kwani huu kwa nini umekuwa wa mwisho? Ngoja. Nani aliyesema uwe wa mwisho? Yeye. Asubuhi nilipoushika alinizuia mkono, huo uache, mwanangu, huo tutamalizia, nami nikafuata, na baba huyu maisha yake yote anaanza na taa, kila pikipiki, taa kwanza, ukiuona mwanga moyo unatulia na kazi iliyobaki inakuja yenyewe, alinifundisha nikiwa sijafika hata kimo cha tangi, na aliyeanza na honi alimwita fundi wa kelele, leo ameniachia nianze na honi, akanipa taa ya breki, akanipa indiketa, ya kushoto akasema irudie, nikairudia, ilikuwa sawa, akasema irudie tena. Baba. Kumbe unajua. Unajua tangu kwa daktari, labda tangu kabla, umeniita nifumue kitu kizima ili siku zipite, maana pikipiki ikiwa imefumuliwa wewe si mtu asiyeona, wewe ni mtu ambaye pikipiki yake iko kwa fundi, na mimi nakuficha, wewe unanificha, mama anatuficha sote wawili huko jikoni, familia nzima tunazunguka mbuyu mchana kweupe, nataka kukasirika na kicheko kinanikaba, nakupenda, baba... basi nitaufunga. Nitawasha, na sitasema kioo, sitasema fyuzi, nitakuja nikae chini hapo karibu na kigoda chako, niseme baba, taa inawaka vizuri, inawaka vizuri sana, halafu nikuache useme unalotaka, utukane daktari, ulie, mimi nipo, sitaondoka... "Bado?" anauliza, hatazami taa, anatazama mikono yake, "Bado, baba," "Basi usiharakishe, mwanangu, hakuna anayetufukuza," anasema mtu huyu ambaye hajawahi kuingoja hata chai ipoe, nami nachukua koleo, nakata ncha ambayo tayari ni safi, naimenya upya, taratibu, nampa dakika nyingine.